Anaelezwa na nani?

Mhariri, mmeuliza mtoto aanze kuelezwa habari za ubaguzi wa rangi akiwa na umri gani, mi naona mngeuliza anaelezwa na nani. Maana swali kama hili likitoka tu watu wanakimbilia riwaya ya To Kill a Mockingbird ya Harper Lee (1960), eti kwa vile msimulizi ni katoto, Scout, basi kinawafaa watoto. Sawa, ila Scout ni mzungu, mtoto wa wakili, Alabama, Marekani, ya miaka ya 1930, jioni anapakatwa na baba yake wanasoma gazeti. Watoto wa Tom Robinson, yule mtu mweusi anayesingiziwa kumbaka binti wa kizungu, Mayella, wao nani kawauliza waliona nini?

Sisi tulikisoma sekondari, huku Usukumani, kopi moja darasa zima, ticha anasoma huku anatafsiri. Tulipofika kwenye kesi akamuita jamaa mmoja mbele akamfunga mkono wa kushoto kwa sweta, maana wa Tom ulinaswa kwenye mashine ya kuchambua pamba akiwa mdogo ukalemaa (hapo hakucheka mtu, mashine hizo tunazijua). Af ticha akasimama mbele yake, akagusa jicho lake mwenyewe la kulia, akasema haya, nipige hapa, ndo Mayella alipoumia. Jamaa akirusha mkono unaenda shavu la kushoto, akajipinda kama anacheza bugobogobo, wapi, darasa linapiga madawati "kashinda kesi! kashinda kesi!" Ticha akafungua kitabu akasoma walichoamua wazee wa baraza, wazungu watupu: ana hatia. Mmoja huko nyuma akasema "si wameona lakini?" Ticha hakujibu, akaendelea tu kusoma, mpaka siku nyingine tukafika Tom anapotaka kutoroka gerezani anapigwa risasi 17.

Nilitaka niandike kwamba watoto wasianzie hapo. Ila sasa namkumbuka Dill, rafiki yao Scout, alitolewa nje analia kabla hata ya hukumu, kisa tu mwendesha mashtaka alivyokuwa anamsemesha Tom kwa dharau. Yani hakuna aliyemweleza kitu.

Basi wa kwangu yuko la tano, nitampa likizo hii, au labda ya Desemba, kesi tutasoma wote. Na nitamwambia mapema kwamba Calpurnia, mpishi wao, anajua mengi kuliko Scout, ila kitabu hakijampa zamu ya kusimulia.