Ngamia wa Australia: nani aliwapeleka, na mbona wamejaa hivyo?

SWALI: Daktari, salamu. Nafuga ngamia huku Garbatulla, Kaunti ya Isiolo. Juzi mwanangu alinionyesha kwenye simu helikopta ikiwapiga ngamia risasi huko Australia, eti ni ngamia wa mwitu na wamezidi. Mimi katika umri wangu sijasikia ngamia asiye na mwenyewe. Nani aliwapeleka huko? Na kwa nini wao wajae nchi ilhali wangu, pamoja na sindano zote ninazonunua, hawaongezeki? Je, mbegu yao inaweza kupatikana huku?

JIBU: Mzee wangu, hata hao wa Australia walikuwa na wenyewe, tena wenyewe waliowajua vizuri. Yaliyowapata ni mambo ya miaka mia moja tu iliyopita, na nitayaeleza kwa kirefu kidogo kwa sababu jibu la swali lako la pili limo humo humo.

Bara lile halikuwa na ngamia. Wa kwanza aliteremshwa bandari ya Adelaide mwaka 1840 akitokea Visiwa vya Canary. Walipakiwa kadhaa, akafika hai mmoja. Walimwita Harry. Mwaka 1846 mpelelezi aitwaye John Horrocks alikwenda naye bara, na siku moja akawa anashindilia bunduki yake kando ya ngamia huyo aliyepigishwa magoti. Harry akayumba, bunduki ikafyatuka, risasi ikampiga Horrocks mkononi na usoni. Alikufa wiki chache baadaye, na ngamia naye akauawa kwa amri yake. Wewe na mimi tunajua kwamba ngamia aliyelala na mzigo hatulii kama meza. Husogea kila ukigusa kamba. Huyo bwana hakuwa na mtu wa kumwambia hivyo.

Kosa hilo hawakulirudia. Mwaka 1860, kwa safari ya wapelelezi Burke na Wills ya kukata bara kutoka kusini hadi kaskazini, George Landells alitumwa India kununua ngamia, akarudi na wanyama zaidi ya 20 pamoja na wachungaji wao. Safari yenyewe iliishia kwenye msiba, Burke na Wills wakafa mwaka 1861, lakini watu walikwishaona mnyama huyo anachoweza. Mwaka 1866 tajiri Thomas Elder akaleta wengine zaidi ya 100 kutoka Karachi, ambayo leo iko Pakistan, hadi Port Augusta, na wanaume 31 wa kuwahudumia, akaanza kuwazalisha kwenye shamba lake la Beltana. Kwa nini hawakuja kuchukua wa kwetu au wa Somalia? India ilikuwa chini ya Waingereza, Karachi ilikuwa na meli, na jeshi lao lilikwishazoea kubeba shehena kwa ngamia wa huko.

Wachungaji hao waliitwa Waafghani wote kwa jumla, ingawa wengi walitoka Baluchistan, Punjab na Sindh. Kati ya miaka ya 1860 na 1920 waliingia watu wasiopungua 2,000, na ngamia wanaokadiriwa kufika 20,000. Walibeba nguzo na nyaya za simu ya maandishi iliyokata bara kati ya 1870 na 1872, kama kilomita 3,200. Walipeleka maji na unga kwenye migodi ya dhahabu, wakarudi na marobota ya sufu. Dume mzuri alibeba kilo 400 na zaidi. Msafara ungeweza kufika ngamia 70, kila mmoja akifungwa kijiti cha puani kwa mkia wa aliye mbele. Lakini kipande cha mwisho cha kamba kilikuwa uzi mwembamba makusudi, ili ngamia akianguka au akishtuka uzi ukatike, pua isichanike. Jambo dogo hilo nalipenda. Ndilo linalokuonyesha mtu aliyekulia mgongoni mwa ngamia.

Watu hao walijenga msikiti Adelaide mwishoni mwa miaka ya 1880, na hadi leo unasaliwa. Ila sheria ya uhamiaji ya 1901 na ile ya uraia ya 1903 ziliwafungia mlango kwa sababu ya asili yao. Kisha yakaja malori, na reli ikafika Alice Springs mwaka 1929. Treni yake hadi leo inaitwa Ghan, kifupi cha Afghan. Kazi ikaisha. Mwaka 1925 jimbo la Australia Kusini lilipitisha sheria iliyoruhusu ngamia asiyesajiliwa apigwe risasi. Sasa wewe fikiri, mtu aliyelala na ngamia wake miaka thelathini, leo anaambiwa amlipie au amuue. Wengi walifungua kamba tu, wakawaachia jangwani.

Hapo ndipo tunafika kwenye mifugo yako. Ngamia wa Australia hazai haraka kuliko wako. Mimba ni ile ile ya miezi kama 13, na jike huzaa takriban mara moja kwa miaka miwili. Tofauti ni nani anabaki hai. Kule ndama anakunywa maziwa yote ya mama yake, hagawani na chai ya mtu. Hakuna fisi wala simba. Mbwa mwitu wa kule hamwezi ngamia mzima. Hakuna anayeuza dume kulipa karo, hakuna mahari, hakuna wizi. Na hakuna sura, ule ugonjwa unaosambazwa na inzi wakubwa wanaouma, unaomkondesha ngamia hadi nundu inalala. Uliwahi kuingia Port Hedland mwaka 1907 pamoja na ngamia kutoka India. Ulitambuliwa mapema, wanyama wakaangamizwa, ukakomea hapo. Kundi la namna hiyo huongezeka mara mbili kwa miaka kama minane hadi kumi.

Linganisha na Marekani. Jeshi lao lilishusha ngamia 34 Indianola, Texas, mwaka 1856, na wengine 41 mwaka uliofuata. Walifanya kazi vizuri, lakini walikuwa wachache, wachungaji waliokuja nao wachache zaidi, na askari walipenda nyumbu wao. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza mwaka 1861, mradi ukatupwa, ngamia wakapigwa mnada. Waliotoroka hawakutosha kuendeleza kizazi.

Kuhusu risasi: mwaka 2009 ukame ulipobana, ngamia wapatao 6,000 walivamia kijiji cha Docker River, wakavunja mabomba na matangi wakitafuta maji, na wenyeji wakaogopa kutoka nje. Visima vya asili vya Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, vinachafuka mizoga ikitumbukia. Kati ya 2009 na 2013 serikali iliondoa kama 160,000, wakabaki takriban 300,000. Najua utauliza mbona nyama isiliwe. Baadhi huchinjwa na wengine husafirishwa hai, lakini wengi wako mbali na barabara na machinjio, na kuwakusanya kunagharimu kuliko bei yao. Mimi pia iliniuma kuwaona wakianguka. Ila sina la kumwambia mama wa Docker River ambaye bomba lake limeng'olewa.

Mbegu? Usihangaike na Australia. Ngamia aliyekulia kusiko na sura, ukimleta Garbatulla msimu wa mvua utamzika kabla hujamzoea. Damu ile ile ya Pakistan iko hapa Kenya, kwenye mashamba ya Laikipia, na wafugaji wengine wamekwishaichanganya na ngamia wao wa Kisomali. Maziwa huongezeka, lakini mwili ni mkubwa na unataka kula. Ukimpata dume wa mchanganyiko, kabla ya kuhesabu pesa muulize mwenyewe mambo mawili: mama yake hunyweshwa baada ya siku ngapi, na mara ya mwisho alidungwa sindano ya sura lini. Halafu msimu huu waachie majike wako wawili chuchu zote nne kwa ndama, usiwakamue, uone watakavyofikisha mwaka.