Re: Kuwavuta wanafunzi wa kidato cha nne kwenye uashi

Mkuu, umeuliza uwapateje vijana wa sekondari waingie uashi, na uanzie wapi kuwafundisha. Usiende shuleni na hotuba. Nenda na kamba, pima maji na timazi (uzi wenye uzito wa kupimia wima), waombe wapige kona ya mraba uwanjani kwa pembetatu ya pande za mita 3, 4 na 5. Wanaona Pythagoras ikifanya kazi, na wenye mkono utawatambua hapo hapo. Wachukue baada ya mtihani wa Novemba, na wazazi wahusishwe mapema, maana wengi bado wanadhani uashi ni kazi ya aliyefeli. Waelezwe kuwa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania, inatoa vyeti vya ngazi ya I hadi III.

Mafunzo yaanze na tofali za kuchoma. Bloku ya inchi 6 isiyo na tundu inakaribia kilo 30, itawachosha kabla hawajashika mwiko vizuri. Changanya chokaa 1 kwa mchanga 6 bila saruji, ili ukuta wa mazoezi ubomolewe na tofali zitumike tena. Kwanza wajenge kona, kisha wavute kamba kati yake, ndipo wajaze katikati.

Kosa kubwa nililoliona kwa wanafunzi ni kulaza tofali kavu: linanyonya maji, mchanganyiko haushiki. Waliloweshe kwanza. Jingine ni viungo vya wima kufuatana kozi (safu ya tofali) hadi kozi. Ufa hupita hapo hapo. Glavu na buti ni lazima, kwa chokaa na hata wakihamia saruji, maana zote zinaunguza ngozi. Saruji iliyoanza kukaza isiongezwe maji, imwagwe.