Maswali Yenu: Winga Si Mbio Tu

Collins Injera alichezea klabu gani ya raga ya ligi? (Msomaji, Nakuru)

Hakuna. Injera ni Mkenya wa raga ya wachezaji saba, na hilo ni tawi la yunioni. Swali la namna hii haliishi kuja, nami nimechoka. Raga ni za aina mbili, ligi na yunioni. Ligi ina wachezaji 13 kila upande, mkikabwa mara sita mpira ni wa wenzenu, na trai, yaani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli la wapinzani, ni pointi 4. Yunioni ni watu 15 na trai pointi 5. Pande hizo mbili zilitengana mjini Huddersfield mwaka 1895, klabu za kaskazini mwa England zilipotaka kuwafidia wachezaji waliokatwa mshahara kwa kukosa kazi siku ya mechi. Kabla ya kuniandikia tena, hesabu vichwa uwanjani.

Winga bora wa wakati wote ni nani?

Brian Bevan wa klabu ya Warrington, England, Mwaustralia mwembamba mwenye kipara: trai 796. Mwenye hoja alete zaidi.

Kijana wangu wa miaka 15 anawaacha wote shuleni mbio za mita 100. Je, awe winga? (Mzazi, Mwanza)

Wazazi mnaniuliza kuhusu mbio. Hakuna anayeniambia kama mtoto anajua kudaka. Winga wa ligi hupigiwa mpira wa juu makusudi. Anarudi nyuma macho angani, anasikia vishindo vya wanaomjia, anaruka, anadaka, anaangushwa hatua chache kutoka mstari wa goli lake. Kisha yeye au winga mwenzake ndiye anayeubeba tena kuutoa huko, akijitupa kwa majitu matatu ili mafowadi, wale wazito wa mbele, wapate pumzi. Kazi hiyo haipigiwi makofi.

Mtanitajia winga mwenye mbio, Martin Offiah. Haya. Klabu ya Widnes ilimtoa yunioni mwaka 1987, wenzao wa Wigan wakamnunua Januari 1992 kwa pauni 440,000, na msimu uleule akawafunga Leeds trai 10 katika mechi moja. Ile trai yake katika uwanja wa Wembley mwaka 1994 kila mtu anakumbuka alivyomzunguka Alan Tait, mlinzi wa mwisho wa Leeds. Mpira aliupokea wapi? Karibu na mstari wa goli la timu yake mwenyewe. Angekuwa anasubiri pembeni apewe pasi nzuri, trai ile isingekuwepo.

Kwa hiyo mfundishe kudaka na kukaba, na asiache shule. Na wakala akidai umtumie pesa za "majaribio ya Uingereza", funga simu.

Mbona trai hukubaliwa wakati mwili wa winga uko nje kabisa? (Msomaji, Mombasa)

Uko nje hewani, na hewani si nje. Anajirusha kama samaki juu ya mstari wa pembeni, mkono mmoja unaugandamiza mpira ndani ya eneo la goli. Kidole cha mguu kikigusa chaki kabla ya mpira kutua, imekula kwake. Acheni kumtukana refa wa video.

Billy Boston alikuwa Mwelshi. Kwa nini hakuichezea Wales yunioni? (Msomaji, Dodoma)

Swali zuri, hatimaye. Boston, winga wa Wigan, alizaliwa Cardiff mwaka 1934, baba yake akiwa na asili ya Sierra Leone. Wales ya yunioni haikumchagua mchezaji mweusi hadi miaka ya 1980. Mwaka 1953 Wigan walifika nyumbani kwao na noti mkononi. Inasimuliwa kuwa mama yake alitaja pauni 3,000 akidhani watakata tamaa waondoke. Walikubali. Tangu siku hiyo yunioni ilikuwa marufuku kwake maisha. Alimaliza na trai 571, akapewa hadhi ya Sir mwaka 2025, mchezaji wa kwanza wa ligi kuipata, akiwa na miaka 90. Mnaosema ligi ilikuwa mbingu ya usawa, taratibu: mwaka 1957 timu ya Uingereza ilipitia Afrika Kusini ya ubaguzi kucheza mechi za maonyesho, na Boston hakuwemo safarini.

Alipostaafu alifanya nini?

Aliendesha baa karibu na uwanja wa Wigan. Utajiri mnaoudhania haukuwepo.

Winga wa ligi anaweza kuhamia yunioni siku hizi?

Ndiyo, tangu yunioni ilipokubali kulipa mwaka 1995. Jason Robinson alitoka Wigan, akaifungia England trai fainali ya Kombe la Dunia 2003.

Nipe mshindi wa Jumamosi.

Maswali ya kubeti sijibu.