Kutoka studio ya Disney hadi riwaya ya picha

SWALI: Shikamoo dada. Nafanya kazi kwenye studio ndogo ya animesheni hapa Dar es Salaam. Kutwa nachora wanyama wa vipindi vya watoto na wahusika wa matangazo. Usiku nachora hadithi ya marehemu bibi yangu iwe kitabu, lakini kila ukurasa unatoka kama filamu iliyogandishwa. Nimesikia kuna Mfaransa aliyetoka Disney akawa mchoraji wa riwaya za picha. Alifanyaje? Na mimi niache kazi?
Msomaji, Tabata

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nadhani unamsema Cyril Pedrosa, na kwa swali lako simjui mwalimu bora kuliko yeye.

Alizaliwa Poitiers mwaka 1972, akasomea animesheni katika shule ya Gobelins, Paris, kisha akaingia studio ambayo Disney walikuwa nayo Montreuil, pembeni ya jiji hilo. Alikuwa miongoni mwa wasaidizi waliochora filamu ya kibiongo wa Notre-Dame (1996) na ile ya Hercules (1997). Kazi ya msaidizi huhitaji kuelezwa: mkubwa anachora mikao mikuu, wewe unajaza ya katikati, na mstari wako sharti ufanane na wa wenzako wote, mtazamaji asijue ni mikono mingapi imepita pale. Nionavyo mimi, kurasa zako zimekwama hapo. Mkono wako umefundishwa kujificha, na kitabu kinataka uonekane.

Pedrosa hakuvuka kwa siku moja. Mwaka 1998 alitoa juzuu ya kwanza ya Ring Circus, hadithi ikiwa ya mwandishi David Chauvel, na mfululizo huo ulifika juzuu ya nne mwaka 2004. Miaka yote hiyo mwenzake alibeba hadithi, yeye akajifunza ukurasa: kisanduku kipi kiwe kikubwa, kipi kidogo, msomaji afungue karatasi kwa hamu ya nini. Kwenye filamu sekunde moja inakula picha 24. Kitabuni unachagua moja, zilizobaki anajichorea msomaji kichwani.

Kisha mwaka 2007 ikatoka Trois Ombres, yaani Vivuli Vitatu, hadithi na michoro vyote vyake, nyeusi na nyeupe tupu. Rafiki zake walikuwa wamefiwa na mtoto, na kitabu kilianzia kwenye msiba huo. Baba, mama na mtoto wao Joachim wanaishi shambani kwa raha. Jioni moja vivuli vitatu vya wapanda farasi vinatokea mlimani, na wazazi wanatambua kwamba vimemfuata mtoto. Baba anambeba mwanawe na kukimbia naye. Mtazame baba huyo, Louis. Ni pande la mtu, miraba minne, na uzito wake unausikia kwenye mabega na mgongo kabla hujasoma neno. Hiyo ni animesheni, Pedrosa hakuitupa. Kilichobadilika ni mstari. Nyumbani kukiwa na amani unateleza, laini, wa duara. Hofu ikiingia unakuwa mzito, unakwaruza, wino unafunika karibu ukurasa mzima. Studio wangemrudishia kazi hiyo aisafishe. Angoulême, kwenye tamasha kubwa la katuni la Ufaransa, walimpa tuzo mwaka 2008.

Portugal (2011) ikaenda mbali zaidi. Ukoo wake una asili ya Ureno, na mhusika wake Simon ni mchoraji aliyeishiwa hamu ya kuchora, anayekwenda kutafuta kwao. Humo mistari ya kutafutia umbo haikufutwa, na rangi inageuka kufuata moyo wa mtu. Wareno wanapozungumza, maneno yao yameachwa kwa Kireno, nawe unabaki umeduwaa pamoja na Simon. Kwa uamuzi huo peke yake ninampenda sana. Trois Ombres na Portugal zote zimefasiriwa kwa Kiingereza, zitafute.

Kuhusu kazi: usiache sasa hivi. Mshahara ule unakulisha, na kila siku unakufundisha mwili wa mtu unavyoinama, unavyochoka, unavyosita. Lakini usiifanye kazi hiyo kuwa ndiyo maisha yako yote pia. Studio ya Montreuil ilifungwa mwaka 2003. Juanjo Guarnido, Mhispania aliyekuwa akifanya kazi hapo hapo, alikuwa ameshatoa kitabu cha kwanza cha mfululizo wa katuni wa Blacksad mwaka 2000.

Kwa bibi yako, anza na kisa kimoja kifupi, kurasa nane. Usianze na kuzaliwa kwake wala mazishi. Chagua siku moja uliyomwona kwa macho yako, alivyoketi, alivyoshika kitu. Chora kwa penseli na usikubali kuusafisha mstari, hata ukikuchukiza. Ukizimaliza nitumie kama zilivyo, kabla hujazipiga wino.