Kuita koyoti: angalia upepo kwanza
Kaka, umeuliza kwa nini koyoti (wanyama kama mbwa mwitu wadogo, wa Amerika) hawaji ukiwaita uwawinde huko Texas. Mara nyingi tatizo ni upepo, si filimbi ya kuigiza kilio cha mnyama. Koyoti akisikia kilio cha sungura aliyeumia huwa haji moja kwa moja; huzunguka hadi upande upepo unakoelekea, anuse kwanza. Kwa hiyo kaa upepo ukupige ubavuni, na upande upepo unakoelekea pawe peupe umwone mapema. Anza kwa sauti ya chini, huenda yuko karibu. Piga nusu dakika, nyamaza kidogo, rudia. Usiinuke kabla ya dakika 15 au 20. Januari na Februari wanapandana, jaribu pia mlio wa koyoti mwenzake. Na ruhusa ya mwenye shamba uipate kabla hujaingia, tafadhali.