Mche au mmea mwingine? Seneshio mbili za Mlima Kenya

SWALI: Najifunza kazi ya kuongoza wageni Mlima Kenya. Tukifika Bonde la Teleki, huulizwa kama yale mafungu ya majani yaliyolala chini ni miche ya ile mimea mirefu yenye shina, au ni mmea mwingine kabisa. Waelekezi wazoefu wamenipa majibu yote mawili. Nitazitofautishaje wakati hakuna hata moja yenye ua?

JIBU: Walikuambia kweli wote, kwa kuwa bondeni humo mna vyote viwili. Zile fupi nyingi ni Dendrosenecio keniensis, ambayo duniani kote huota Mlima Kenya peke yake. Vitabu vya zamani huiita Senecio brassica. Ndefu ni Dendrosenecio keniodendron. Zote huitwa seneshio na ni za jamii ya alizeti, ingawa kwa kuziangalia usingedhani.

Kimo kisikudanganye. Keniodendron hukua polepole mno, na kabla shina halijainuka, mche wake ni duara la majani yaliyokaa ardhini, sawasawa na jirani yake. Hapo ndipo watu wengi hupotea.

Anza na upande wa chini wa jani. Liinue kwa kidole, usilichume, maana uko ndani ya hifadhi ya taifa. Jani la keniensis limefunikwa kwa chini na vinyweleo vyeupe vilivyoshonana kama blanketi. Ukipitisha kidole unavihisi. Mche wa keniodendron hauna zulia hilo jeupe. Unapogeuza jani, bado unaona kijani.

Ukiwa umelala kambini, utapata nafasi nzuri zaidi alfajiri kabla jua halijafika bondeni. Usiku majani ya mimea hii hujikunja kwa ndani kukinga kitumba cha katikati dhidi ya baridi, kwa hiyo upande wa chini ndio unaotazama nje. Keniensis zote huwa zimegeuka madonge meupe, na mche wa keniodendron ulio katikati yao unajitokeza wenyewe. Binafsi naiamini dalili hii kuliko picha yoyote iliyopigwa saa sita mchana.

Kisha tazama jinsi zilivyokaa. Shina la keniensis hutambaa ardhini na kutoa matawi, ndiyo maana huzikuta zimesongamana, hasa penye udongo wa majimaji. Mche wa keniodendron husimama peke yake, mara nyingi mteremkoni ambako maji hayatuami. Ndiyo inayopanda juu zaidi pia, hadi kama mita 4,500. Ila kwenye mita 4,000 hivi huchanganyika, kwa hiyo mwinuko peke yake si ushahidi.

Ua likiwepo, kazi imekwisha: keniensis ina petali za manjano zinazoonekana kwa mbali, wakati vichwa vya maua vya keniodendron vimefifia, petali zake fupi mno au hazipo kabisa. Lakini keniodendron inaweza kukaa miaka mingi bila kuchanua, hivyo usilisubiri. Kwenye mmea mkubwa, hesabu panda za shina. Kitumba cha juu kikishatoa ua hakiendelei, na shina hugawanyika pale pale, kwa hiyo kila panda ni kumbukumbu ya kuchanua.

Wageni wakivutwa na majani makavu yanayolivika shina, wazuie wasiyabandue. Ndiyo yanayokinga shina na maji yaliyomo yasigande usiku.

Utakutana pia na mimea isiyokubali jina lolote kati ya haya mawili: jani lina weupe kidogo, shina limeinuka kidogo. Hiyo ni chotara, kwa kuwa spishi hizi huzaliana zinapokutana. Mwambie mgeni hivyo hivyo, usimlazimishie jina. Na duara likiwa na maji yaliyotuama katikati ya majani, hiyo si seneshio hata kidogo, ni lobelia, mmea wa jamii nyingine.