Kiti ni cha nani?

Kinondoni, Jumapili jioni

Mwanangu,

Unauliza yule mwakilishi wa huko kwenu Charlotte katika bunge la jimbo la North Carolina, Tricia Cotham, aliwezaje kuhama chama Aprili 2023 na kiti chake akabaki nacho, wakati huku angekuwa amerudi mtaani siku hiyohiyo.

North Carolina kiti ni cha mtu. Kwetu Tanzania ni cha chama: ibara ya 71 ya Katiba inasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni, ubunge wake umekwisha. Unamkumbuka Mtulia, mbunge wetu? Desemba 2017 alitoka CUF akaingia CCM, na Februari 2018 tukapanga foleni upya hapa Kinondoni, uchaguzi mdogo. Akarudi bungeni na jezi nyingine. Nilinung'unika sana siku ile, jua kali na gharama zote zile, lakini angalau alikuja kutuomba tena.

Cotham hakumwomba mtu. Novemba 2022 alichaguliwa kwa tiketi ya Democratic, akipata karibu asilimia 60 ya kura. Miezi mitano tu, yuko Republican. Hesabu ndiyo iliyouma: Republican walikuwa 71 kati ya wajumbe 120, yeye akawa wa 72, idadi ya kuipiku kura ya turufu ya gavana, yaani kupitisha muswada hata gavana akiukataa. Mei ileile gavana Roy Cooper alikataa muswada wa kuzuia utoaji mimba baada ya wiki 12. Wakampiku, na kura ya Cotham imo, yeye aliyekuwa mtetezi wa haki hiyo miaka yote.

Wewe unasema aliiba. Mimi siendi huko. Yeye alidai wenzake walimwandama, na huenda ni kweli. Halafu usiisifu mno sheria yetu. Huku wakubwa wa chama wakimvua mbunge uanachama, kiti nacho kimekwenda, na sisi tuliompigia kura hakuna aliyetuuliza. Mbunge wa hivyo anaogopa ofisi ya chama kuliko jimbo.

Mwaka 2024 Cotham alishinda tena, kwa tofauti isiyofika kura 300, mipaka ya maeneo ya uchaguzi ikiwa imeshachorwa upya na chama chake kipya.

Ningekuwa mtunga sheria, anayehama angebaki na kiti miezi mitatu, kisha kura. Mama yako ananicheka, ati nagombea nini na magoti haya. Anakusalimu.

Baba yako